Batini ya Ukuta: Tarikhi ya Nyumba katika Garissa

Msafiri atokaye Nairobi, akiisha kuiacha Madogo na kulivuka daraja la Mto Tana, huingia katika mji wa Garissa, na miongoni mwa mitaa ya mji huo umo mmoja uitwao Iftin, jina ambalo kwa Kisomali maana yake ni nuru. Zamani kidogo nilipanga nyumba katika mtaa huo, nyumba ya matofali ya saruji, iliyopakwa rangi ya maziwa ndani na nje, yenye dari nyeupe iliyonyooka pasipo doa, na kwa miezi kadhaa sikuona ndani yake aibu yoyote, hata zilipofika siku za joto kali la Februari, ikaanza kushuka kutoka juu harufu ya ukakasi ambayo hakuna ufagio wala udi ulioweza kuiondoa. Nikamwita fundi, mtu wa Mwingi aliyekaa Garissa miaka mingi, naye akazunguka vyumba vyote akitafuta mahali pa kupandia darini asipate, kwani aliyeijenga nyumba ile hakuacha hata tundu la kupitisha kichwa. Ikalazimu dari ikatwe kwa msumeno.

Alipopanda alikaa kimya kitambo, kisha akaniita nipande na mimi nione kwa macho yangu, na mwanga wa kurunzi ulipopita juu ya kenchi nikaona mambo matatu: kinyesi cha popo kilichorundikana hata kuielemea dari kwa uzito wake, vijia vya udongo vya mchwa, vilivyopanda kwa siri ndani ya ukuta tangu msingini vikatokea juu na kuingia katika mbao zinazoshika paa, na nyaya za umeme zilizoungwa kwa kusokotwa tu, zikafungwa kwa mfuko wa plastiki, nao mfuko ulikwisha kuyeyuka na kuganda, mweusi kama lami. Miezi yote ile nilikuwa nimelala chini ya moto uliosubiri siku yake.

Jirani yangu, bibi mkongwe ambaye watoto wote wa mtaa humwita ayeeyo, alikuja kutupa pole kwa vumbi lililotujaa, akaitazama ile dari iliyokatwa, akasema, "Mwanangu, nyumba usiyoifungua utaijuaje? Sisi yetu tuliifungua kila tulipohama." Maneno hayo ndiyo yaliyonituma kuitafuta tarikhi ninayoiandika hapa, kwa maana yalinionyesha kwamba kasoro iliyofichika nyumbani si jambo lililokuwako katika nchi hii tangu azali, ilikuja pamoja na ukuta, na ukuta ulikuja juzi.

Nyumba ya asili ya mfugaji wa Kisomali ni aqal, ambayo hapa kwetu watu wengine huiita herio. Ni nyumba ya duara iliyoinama kama kawa, iliyofanywa kwa fito na mizizi mirefu ya migunga iliyokunjwa ingali mibichi hata ikashika umbo la upinde. Ncha zake huchimbiwa ardhini, hufungwa pamoja kwa kamba za magome, na juu yake hutandazwa mikeka iliyosukwa kwa mikono, mizito kwa ajili ya mvua na myepesi kwa ajili ya hewa. Mjenzi wake ni mwanamke, na mwenyewe ni mwanamke. Mama na shangazi na dada humtayarishia bibi arusi mikeka na kamba zake kwa miezi mingi kabla ya harusi, na siku ya siku wakaisimamisha nyumba kwa mikono yao, hata ikawa mwanamume aingiapo humo ni kama mgeni katika milki ya mkewe. Labelle Prussin, mwanamke wa Kimarekani aliyesomea usanifu wa majengo, aliyaeleza mambo haya kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya nyumba za wahamaji wa Afrika, akaonyesha kwamba kwa Wagabra na Warendille na Wasomali sawasawa, elimu ya ujenzi ilikaa kwa wanawake na kurithiwa na binti kutoka kwa mama.

Lakini jambo ninalotaka msomaji alitafakari ni siku ya kuhama. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, mama huifungua nyumba yake: huvua mkeka mmoja mmoja, hufungua kila fundo, hung'oa kila ufito, huviweka chini kwa mafungu, kisha huvipakia juu ya ngamia, zile fito zilizopinda zikasimama kila upande wa mnyama kama mbavu za jahazi, na kati yake wakaketishwa watoto na wazee wasioweza mwendo. Katika kazi hiyo hakuna sehemu ya nyumba isiyopita mikononi mwake. Ufito ulioliwa na mchwa huonekana wepesi wake unaposhikwa, nao hutupwa motoni. Kamba iliyochakaa hukatwa ikasokotwa nyingine. Mkeka uliooza kwa mvua ya Gu hufumuliwa ukarudiwa kusukwa wakati wa Jilaal, siku za kiangazi kirefu ambapo mikono ina nafasi. Kupe na viroboto na nyoka aliyekuwa amejificha chini ya kitanda, wote huachwa nyuma pamoja na majivu na boma la miiba. Hivyo nyumba ile ilikuwa ikikaguliwa tangu kichwa hata unyayo mara kadhaa kila mwaka, na mkaguzi alikuwa ndiye aliyeijenga, ndiye aliyeimiliki, na ndiye aliyelala ndani yake na wanawe. Sijui mji wowote wa dunia ya leo, uwe na maofisa wengi namna gani, uliopata kuwa na sheria ya ujenzi kali kama desturi hiyo.

Sisemi kwamba aqal ilikuwa pepo. Ilivuja mvua zilipozidi, ilijaa moshi, na maisha yaliyoifuata yalikuwa ya taabu ambayo aliyepata kuyaishi hayasifu kwa urahisi. Nasema tu kwamba ilikuwa nyumba isiyo na batini: yote iliyokuwa nayo yalikuwa dhahiri.

Mwambao, safari ya siku moja kwa gari kuelekea bahari, mambo yalikuwa kinyume. Huko ukuta ni mkongwe, na waungwana wa Lamu na Pate walijenga kwa matumbawe na chokaa kuta nene kupita urefu wa dhiraa, vyumba vyao vikawa vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko iliyobeba dari haikupita sana mita mbili u nusu hivi, kiasi kwamba upana wa chumba ulipimwa na mti. Usam Ghaidan, aliyeuchunguza mji wa Lamu na kuutolea kitabu mwaka 1975, alionyesha jinsi nyumba hizo zilivyopangwa tabaka baada ya tabaka, kutoka daka la mlangoni na kiwanda, yaani ua wa ndani, hata chumba cha ndani kabisa, faragha ikizidi kwa kila hatua. Na ndani ya kuta hizo watu walificha mambo kwa makusudi. Katika magofu ya Gede, ambayo James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948, zimeonekana ghala nyembamba zisizo na mlango hata mmoja, ambazo mwenye mali aliziingia kwa ngazi kupitia tundu lililo juu, mwizi akapita mbele ya ukuta asijue kwamba nyuma yake kuna chumba. Tena kulikuwa na fingo, chungu kilichozikwa chini ya kizingiti au mlangoni kwa ajili ya kuilinda nyumba. Kwa watu wa mwambao, basi, kuwa na kitu ndani ya ukuta haikuwa ajabu, na kwa kuwa walijua kwamba ukuta una tumbo, walijua pia kuutunza: chokaa ilirudiwa, sakafu ya juu ilipondwa upya isipitishe maji, boriti iliyochoka ilibadilishwa kabla haijaanguka. Desturi hiyo ilipolegea, adhabu haikuchelewa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ilikaa miaka mingi ikinywa maji ya mvua kutoka paani, chuma chake kikila kutu ndani kwa ndani ilhali wageni wakiipiga picha, mpaka tarehe 25 Desemba 2020 upande wake wa mbele ukaporomoka, na watu wawili wakafa.

Na darini si mahali pa maovu peke yake. Mwaka 1972, katika Msikiti Mkuu wa Sanaa huko Yemen, mafundi waliokuwa wakitengeneza jengo baada ya mvua kuharibu walikuta kati ya paa la ndani na la nje rundo la ngozi na karatasi zilizoshikana kwa unyevu na vumbi. Zilipochunguzwa zikaonekana kuwa vipande vya misahafu, na baadhi yake ni vya karne ya kwanza ya Hijra. Kwani Waislamu hawatupi jalalani waraka ulioandikwa maneno ya Mungu, bali huuzika au huuweka mahali pa juu pasipokanyagwa. Naitaja habari hii kwa sababu Yemen si mbali nasi. Wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufungua maduka katika vituo vya kaskazini, nao walikuja wakijua nyumba za kuta na dari.

Ukuta wenyewe uliingia katika nchi hii kwa mwendo wa kinyonga. Serikali ya Kiingereza ilitoa mwaka 1902 sheria ya wilaya za mbali, ikaifanya nchi yote ya mpaka wa kaskazini kuwa mahali pasipoingiwa ila kwa idhini. Mwaka 1926 ikaifunga rasmi, na mwaka 1934 ikaongeza sheria nyingine ya wilaya maalumu iliyobana mwendo wa watu na mifugo yao. Katika nchi iliyofungwa namna hiyo, saruji na bati havikuwa vitu vya raia. Palikuwa na ngome, na nyumba ya mkuu wa wilaya, na kambi ya askari, na maduka machache ya bati ambayo joto lake wakati wa adhuhuri lingeweza kumtoa mtu roho. Bati la mikunjo, ambalo Henry Robinson Palmer alilibuni London mwaka 1829 kwa ajili ya kufunika maghala ya bandari, liliingia bara pamoja na Reli ya Uganda tangu 1896, lakini kutoka relini mpaka ukingo wa Tana lilichukua muda mrefu sana kufika, na lilipofika lilikuwa alama ya serikali. Wajir peke yake ilikuwa na hadithi tofauti, maana mji ule umekaa juu ya mwamba wa chokaa, na majengo yake ya zamani yalipakwa meupe hata yakang'aa jangwani kutoka mbali. Lakini mwamba huohuo umebeba maji ya visima karibu sana na uso wa ardhi, kiasi kwamba choo cha shimo hakikuwezekana pasipo kuvitia visima najisi, na watu wa Wajir wakatumia vyoo vya ndoo vizazi na vizazi. Kilichofichwa chini ya sakafu katika mji ule kilikuwa hatari kuliko kilichofichwa darini.

Kisha vikaja vita. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliingia katika mapigano yaliyoitwa ya shifta, na mwaka 1966 serikali ikawaamuru wafugaji wakusanyike katika vijiji vilivyolindwa na askari, mtu asitoke wala asiingie ila kwa ruhusa. Mapatano yaliyofanyika Arusha Oktoba 1967 yalivituliza vita, lakini lililotendeka halikutenduka. Kwa mara ya kwanza aqal ilisimama mahali pamoja mwaka mzima. Fito zikabaki ardhini, mchwa akapata muda. Mikeka haikuvuliwa, na chini yake ukaota ukungu. Kupe na viroboto, ambao safari iliwaacha nyuma, wakawa wapangaji wa kudumu. Ngamia wengi walikufa au walitwaliwa, na nyumba isiyo na ngamia haihami. Ukame wa miaka ya sabini ukaja kumaliza kazi hiyo, familia zilizopoteza mifugo zikasogea mijini, na pembezoni mwa Garissa ikazaliwa mitaa inayoitwa bulla, ambako aqal ilianza kuvaa makatoni, magunia, madebe yaliyofunuliwa na vipande vya turubali. Mwanamke aliyekuwa mhandisi wa nyumba akajikuta hana magome wala mizizi, na elimu yake haikuwa na kitu cha kushika.

Sipendi kupita hapa bila kuitaja Bulla Kartasi. Mnamo Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, majeshi ya usalama yaliuchoma moto mtaa huo, na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi wakakaa juani siku kadhaa pasipo chakula wala maji. Mambo haya yaliandikwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013. Nyumba za fito na makatoni ziliteketea kwa saa chache, na waliorudi hawakukuta hata nguzo ya kuonyesha mlango ulikuwa wapi. Naamini, na wazee niliozungumza nao hawakunikanusha, kwamba tangu siku hiyo tamaa ya ukuta wa mawe katika Garissa haikuwa tamaa ya ufahari. Ilikuwa tamaa ya kitu kisichoungua. Mtu aliyekwisha kuona mtaa mzima ukigeuka majivu haulizi ndani ya tofali kuna nini. Huuliza tu kama ni gumu.

Mnamo 1991 Somalia ilipovunjika, kambi za Dadaab zikafunguliwa, Ifo kwanza, kisha Dagahaley na Hagadera, na huko ile aqal ya kale ikaonekana tena kwa maelfu, mifupa yake ileile ya fito zilizopinda, ngozi yake turubali la plastiki lenye alama ya Umoja wa Mataifa. Biashara iliyozunguka kambi hizo na fedha zilizotumwa na jamaa walioko ng'ambo zikaujaza mji wa Garissa majumba. Yakaja matofali ya saruji yenye matundu, yakaja mabati ya rangi, yakaja madirisha ya kioo, na mwisho ikaja dari ya jasi, ambayo mafundi huiita jipsamu, yenye maua na ngazi na taa zilizofichwa. Jambo la kushangaza ni kwamba jasi yenyewe ni ya kwetu, imelala ardhini kwa wingi huko El Wak katika Mandera. Lakini mbao zake zilizokwisha tengenezwa huletwa kutoka mbali.

Hapo ndipo tulipofika mimi na yule fundi wa Mwingi. Tumekuwa watu wa ukuta ndani ya umri wa mtu mmoja, tukauchukua ukuta wenyewe pasipo kuchukua desturi ya kuutunza ambayo watu wa mwambao waliipata kwa karne nyingi, na ile desturi ya kuifungua nyumba, tuliyokuwa nayo sisi wenyewe, tukaizika pamoja na ngamia.

Yanayofichwa na kuta zetu yanajulikana, almuradi mtu awe tayari kutazama. Mchwa hupanda ndani ya matundu ya matofali, mahali ambapo jicho halifiki, asionekane mpaka mbao ya paa imebaki ganda. Chumvi nayo ni adui aliye kimya zaidi, kwa maana maji ya visima katika sehemu nyingi za nchi hii ni ya chumvi, na hata ile hazina kubwa ya maji ya chini iitwayo Merti, inayonywesha Dadaab, ni tamu katikati na chungu pembeni. Mwashi akichanganya saruji kwa maji hayo, chumvi hubaki ukutani, ikatoka baadaye kama unga mweupe unaomomonyoa lipu, na ikifika kwenye nondo huzila. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba huipasua nguzo kutoka ndani. Udongo wenye jasi nao hushambulia saruji ya msingi polepole. Na mafuriko ya Tana, kama yale ya 1961 na ya 1997 na ya Novemba 2023, yanapoiloweka mitaa ya chini, ukuta huonekana kukauka baada ya wiki chache, lakini tumbo lake hukaa na unyevu muda mrefu baada ya watu kusahau.

Lakini siri ya ukuta iliyonitisha kuliko zote si ya majengo, ni ya maradhi. Kati ya Mei 2000 na Agosti 2001, katika nchi ya Wajir na Mandera na sehemu za Somalia na Ethiopia zinazopakana nazo, waligunduliwa wagonjwa zaidi ya 900 wa kalaazari, ugonjwa unaovimbisha wengu, unaokausha damu, na unaoua karibu kila asiyetibiwa. Huenezwa na usubi mdogo kuliko mbu, ambaye mchana hujificha kwenye giza na unyevu, ndani ya vichuguu vya mchwa na ndani ya nyufa za kuta za udongo, na usiku hutoka kuuma. Mtu wa aqal alikuwa akiondoka kabla kichuguu hakijamzoea. Mtu wa ukuta wa udongo uliopasuka hulala na usubi chumba kimoja kila usiku, na kichuguu kiko uani. Vivyo hivyo homa ya dengi iliyoishika Mandera mwaka 2011, na chikungunya ya mwaka 2016, zilienezwa na mbu anayezaliwa katika mapipa na matangi ya maji ambayo watu wa mji usio na mabomba ya kutosha hulazimika kuyaweka nyumbani. Hakuna aliyeyaficha mapipa hayo. Yalifichwa na mazoea.

Kazi ya kutafuta yaliyo ndani ya ukuta imekwisha kuwa kazi yenye mafundi wake, na nimependa kuwatazama wakiifanya. Hubisha ukuta kwa kifundo cha kidole au kwa shina la nyundo, sikio likiwa karibu, na mahali palipo wazi hutoa sauti nene kama ya ngoma iliyolegea. Hupima chumba kwa ndani, kisha hupima nyumba kwa nje, na hesabu zisipokutana hujua kwamba kuna nafasi iliyozibwa. Humimina maji juu ya sakafu ya paa wakakaa chini kungoja yatokee wapi. Huchoma mbao kwa ncha ya msumari, maana mbao nzima hugoma na iliyoliwa humeza. Huzima taa zote ndani wakati wa adhuhuri, nao mwanga upenyao katika tundu la bati hujionyesha wenyewe kama uzi. Wako wenye kamera nyembamba kama unyoya wa kuku inayopitishwa tunduni, lakini fundi wangu hakuwa nayo, na sidhani aliihitaji: aliinusa ile nyumba mlangoni akaniambia yaliyomo darini kabla hajapata ngazi.

Sheria nayo ipo. Kenya ilikuwa na kanuni za ujenzi za mwaka 1968, na mwaka 2011 ikaundwa Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jumba la ghorofa likaanguka Huruma katika Nairobi wakati wa mvua, wakafa watu wapatao hamsini, na ukaguzi wa majengo ukahimizwa kote. Na mwaka 2024 ikatolewa Kanuni mpya ya Taifa ya Ujenzi kuchukua mahali pa ile ya kale. Haya yote ni mema. Lakini ofisa huja nyumba inapojengwa, au huja ikiisha kuanguka, na kati ya siku hizo mbili kuna miaka arobaini ambayo nyumba huwa haina mkaguzi ila mwenye kulala ndani yake. Yule mama wa aqal hakungoja ofisa.

Nawasihi, basi, wenye nyumba wa Iftin, na wa Bulla Kartasi, na wa Wajir na Mandera, jambo moja dogo ambalo gharama yake haifiki thamani ya mbuzi: acheni katika kila dari tundu lenye kifuniko, pana kiasi cha kupitisha mabega ya mtu, na ngazi iwe karibu. Mnaojenga sasa, mwambieni mwashi kabla hajapandisha ukuta aweke juu ya msingi tabaka la saruji imara lisilo na tundu, mchwa asipate njia ya ndani. Na maji ya kuchanganyia yaonjwe kwanza kwa ulimi. Mnaopanga, ombeni kuonyeshwa darini kabla ya kutoa kodi, na mwenye nyumba asiyekubali, mwacheni na nyumba yake.

Nyumba niliyopanga imepata wapangaji wengine. Kabla sijahama, fundi alizitoa nyaya zile akapitisha mpya ndani ya mabomba, akaiondoa mbao iliyoliwa, akaziba njia ya popo kwa wavu, na lile tundu alilolikata kwa msumeno hakulipigilia misumari. Alilitengenezea kifuniko cha bawaba. Ayeeyo ndiye aliyewafundisha waliohamia nyakati za kulifungua: mara moja mwezi wa Machi kabla ya Gu, na mara moja Septemba kabla ya mvua ya Deyr, nyakati zilezile ambazo yeye, alipokuwa bibi arusi, alikuwa akiifungua yake.